Kamera yenye kioo au isiyo na kioo? Mambo ya kupima kabla ya kununua

KIPYA kinyemi ingawa kidonda, walinena wahenga. Hata hivyo, wahenga haohao walionya: usiache mbachao kwa msala upitao. Kwa yeyote anayejiandaa kununua kamera siku hizi, methali hizi mbili huvutana kama fahali wawili katika zizi moja.

Upande mmoja ipo kamera ya DSLR, ile kubwa yenye kioo ndani yake, ambayo kwa muda mrefu ndiyo iliyoning'inia shingoni mwa karibu kila mpigapicha wa harusi, wa magazeti na wa mbuga za wanyama. Upande wa pili ipo kamera ndogo isiyo na kioo, iliyoanza kuvuma mwaka wa 2008 na ambayo sasa ndiyo inayoshughulikiwa zaidi na kampuni nyingi kubwa za kutengeneza kamera.

Uamuzi huu si wa kufanyiwa mzaha. Kwa kijana anayekusanya akiba, au anayechukua mkopo wa chama ili aanze biashara ya kupiga picha za harusi, kamera na lenzi zake ni mtaji kama shamba lilivyo kwa mkulima. Akikosea, atajikuta analipa deni la kifaa kisichoifaa kazi yake. Isitoshe, picha ya bwana harusi akimvisha mkewe pete haina marudio. Ikiharibika, imeharibika.

TOFAUTI YENYEWE

Tofauti ya kimsingi baina ya kamera hizi ni namna mpigapicha anavyokiona kile anachokusudia kukipiga picha.

Katika DSLR, mwanga hupita kwenye lenzi na kukutana na kioo kilichoinama kwa pembe ya nyuzi 45. Kioo hicho huurusha juu, ukapita katika kipande cha bilauri chenye pande tano kinachoinyosha taswira isionekane kinyume. Kisha mwanga hutokea kwenye kitazamio, yaani lile tundu ambalo mpigapicha huliwekea jicho.

Anapobonyeza kitufe, kioo huruka juu, pazia dogo liitwalo shata hufunguka, na mwanga hukifikia kihisi, sehemu iliyochukua mahali pa filamu ya zamani. Ule mlio wa 'klak' unaosikika ni wa kioo na shata vikifanya kazi hiyo. Kwa muda huo mfupi kitazamio huwa giza, kwa hivyo mpigapicha haioni ile nukta hasa anayoipiga picha.

Katika kamera isiyo na kioo, njia ya mwanga ni fupi. Mwanga hukifikia kihisi moja kwa moja, nacho hupeleka taswira kwenye skrini ya nyuma au kwenye skrini ndogo iliyowekwa ndani ya kitazamio. Kwa maneno mengine, mwenye DSLR huitazama dunia yenyewe kupitia lenzi, ilhali mwenzake huitazama dunia kama kamera inavyoiona.

Tofauti nyingine zote, ziwe za uzito, betri, kelele au bei, zinatokana na jambo hilo moja.

ZILIKOTOKA

Kamera za kioo zina historia ndefu. Kine Exakta, iliyotengenezwa mjini Dresden, Ujerumani, mwaka wa 1936, ilikuwa miongoni mwa za kwanza za aina hiyo kutumia filamu ya milimita 35.

Kamera hizo za mwanzo zilikuwa na kero moja kubwa: kioo kikishapanda hakikurudi mpaka mpigapicha aiandae kamera kwa picha nyingine. Kampuni ya Asahi ya Japani iliondoa kero hiyo mwaka wa 1954 kwa kamera ya Asahiflex IIB, ambayo kioo chake kilirudi chenyewe mara moja. Miaka mitano baadaye ikatokea Nikon F, iliyokuwa kipenzi cha wanahabari kote duniani.

Enzi ya dijitali ilipobisha hodi, umbo lilibaki lilelile na filamu ndiyo iliyoondolewa. Mnamo 1991 kampuni ya Kodak ilitumia mwili wa kamera ya Nikon F3 kuunda kamera ya dijitali ya kitaalamu yenye megapikseli 1.3. Nikon ilizindua D1 yake mwaka wa 1999 ikiwa na megapikseli 2.7. Mwaka wa 2003 Canon ilitoa EOS 300D, iliyouzwa Marekani kwa chini ya dola 1,000, na hapo mlango ukawafungukia watu wa kawaida.

Mnamo Agosti 2008 kampuni za Olympus na Panasonic zilitangaza mfumo mpya usiotumia kioo, na mwaka uo huo Panasonic ikatoa kamera ya Lumix G1. Wataalamu wengi waliiona kuwa kifaa cha kujifurahishia tu. Kamera hizo zilichelewa kulenga, kitazamio chake kilikuwa na taswira hafifu, na betri ilikwisha upesi.

Mambo yalianza kubadilika mwaka wa 2013, Sony ilipotoa A7 na A7R zenye kihisi cha ukubwa sawa na fremu ya filamu, yaani milimita 36 kwa 24. Mnamo 2017 kampuni hiyo ilitoa A9, iliyoweza kupiga picha 20 kwa sekunde moja bila sauti na bila kitazamio kuwa giza. Mwaka uliofuata Canon na Nikon, wafalme wa DSLR, nao wakatoa kamera zao za kihisi kikubwa zisizo na kioo: EOS R kwa upande wa Canon, Z6 na Z7 kwa upande wa Nikon.

Mnamo Julai 2020 shirika la habari la Associated Press lilitangaza kwamba wapigapicha wake wangepewa vifaa vya Sony. Ni mwaka huo pia ambapo takwimu za muungano wa watengenezaji kamera nchini Japani zilionyesha kamera zisizo na kioo zikiwapita wenzao wa DSLR kwa idadi ya zilizopelekwa sokoni.

Tangu mwaka huo wa 2020, Canon na Nikon hazijazindua DSLR mpya. Canon EOS-1D X Mark III na Nikon D6, zote za mwaka huo, ndizo zilizokuwa za mwisho katika daraja la juu kabisa. Pentax ndiyo iliyoshikilia jadi, kwani ilizindua K-3 Mark III mwaka wa 2021.

UZITO NA UMBO

Sifa ya kwanza inayotajwa na wauzaji wa kamera zisizo na kioo ni udogo. Sifa hii ina ukweli, lakini si ukweli wote.

Kioo kinahitaji nafasi ya kupandia na kushukia. Ndiyo maana katika DSLR za Canon umbali kati ya mdomo wa kamera na kihisi ni milimita 44, ilhali katika mfumo wake mpya wa RF ni milimita 20. Kwa Nikon umbali huo umeshuka kutoka milimita 46.5 hadi 16.

Matokeo yake ni mwili mwembamba na mwepesi. Canon EOS 90D, DSLR ya mwaka wa 2019, ina uzito wa gramu 701 pamoja na betri na kadi. Canon EOS R10 ya mwaka wa 2022, yenye kihisi cha ukubwa uleule, ina gramu 429.

Hata hivyo, lenzi hazifuati sheria hiyo kila mara. Lenzi ya Canon ya milimita 24 hadi 70 iliyotengenezewa DSLR mwaka wa 2012, yenye tundu la f/2.8, ina gramu 805. Lenzi ya Sony ya vipimo hivyohivyo, iliyotolewa mwaka wa 2016 kwa kamera zisizo na kioo, ina gramu 886. Kihisi kikiwa kikubwa na tundu la lenzi likiwa pana, bilauri nzito haiepukiki.

Kwa hiyo, anayetaka mzigo mwepesi apime kamera pamoja na lenzi atakazozitumia, wala asiipime kamera tupu iliyopangwa dukani. Kwa msafiri anayepanda ndege ndogo kutoka uwanja wa Wilson kwenda Maasai Mara, ambako kwa kawaida mizigo huwekewa kikomo cha takriban kilo 15, kila gramu ina thamani.

Aidha, udogo una adhabu yake. Mwenye viganja vikubwa huona vidole vikikosa pa kushika, na lenzi ndefu huifanya kamera ndogo ielemee mbele. Ni heri mnunuzi aishike kamera kwa dakika kadhaa, lenzi ikiwa imefungwa, kabla hajatoa hela zake.

KUONA PICHA KABLA YA KUIPIGA

Hapa ndipo kamera isiyo na kioo inapomfaa zaidi anayejifunza.

Kipimamwanga cha kamera yoyote huchukulia kuwa kinachotazamwa kina mng'ao wa wastani. Kikikutana na gauni jeupe la bi harusi chini ya jua la saa saba, hudhani mwanga umezidi, hivyo huupunguza. Gauni hutoka likiwa na rangi ya kijivu, na uso wa bi harusi mwenye ngozi nyeusi ukatumbukia gizani.

Mpigapicha mzoefu wa DSLR huijua hila hiyo na huongeza mwanga mapema. Asiye mzoefu hugundua kosa baada ya kupiga, akitazama skrini ya nyuma, pengine maharusi wakiwa wameshaondoka mahali hapo. Kamera isiyo na kioo humwonyesha kasoro hiyo ndani ya kitazamio kabla hajabonyeza kitufe. Akizungusha gurudumu, anaona uso ukipata nuru papo hapo.

Jua lenyewe nalo lina la kusema. Skrini ya nyuma haionekani vyema mchana wa Mombasa au Turkana, lakini kitazamio hukingwa na jicho, kwa hivyo picha zilizokwisha kupigwa zinaweza kukaguliwa humohumo.

DSLR nayo ina heshima yake. Kitazamio chake hakihitaji umeme na hakina ucheleweshaji wowote, kwa sababu kinachoonekana ni mwanga halisi. Mtu anaweza kumvizia ndege juu ya mti kwa saa nzima bila kutumia betri. Vilevile, wapo ambao macho yao huchoshwa na skrini ndogo, hasa usiku, taswira inapojaa chembechembe.

KULENGA

Katika DSLR, kazi ya kulenga hufanywa na kifaa maalumu kilicho chini ya kioo kikuu, mbali na kihisi. Vifaa hivi viwili visipolingana sawasawa, kamera hudhani imelilenga jicho kumbe imelilenga sikio. Ndiyo sababu DSLR nyingi za daraja la kati na la juu zina mpangilio wa kurekebisha kila lenzi.

Kamera isiyo na kioo hulengea kwenye kihisi chenyewe, kwa hivyo tofauti hiyo haitokei. Fauka ya hayo, sehemu za kulengea huenea karibu fremu nzima, ilhali za DSLR nyingi hurundikana katikati. Kamera za miaka ya karibuni hulitambua jicho la binadamu, na nyingi hulitambua hata la mnyama au ndege, zikalifuata linavyosogea.

Kwa anayepiga picha za watoto wanaokimbia au za duma anayewinda, msaada huu ni mkubwa. Lakini onyo linafaa: kamera zisizo na kioo za miaka ya mwanzo hazikuwa na uwezo huo. Anayenunua kuukuu ya mwaka wa 2010 kwa kuwa tu 'haina kioo' anaweza kupata kifaa kinachoshindwa na DSLR ya umri uleule.

KIMYA NA KASORO ZAKE

Kamera isiyo na kioo inaweza kupiga picha bila mlio wowote, kwa kutumia shata ya kielektroniki. Katika ibada, mazishini, katika vikao rasmi au mbele ya wanyama wanaoshtuka upesi, faida ya jambo hili haihitaji mjadala. Picha inapatikana, na shughuli haikatizwi.

Ila kimya hicho kina bei yake. Katika kamera nyingi, kihisi husomwa mstari baada ya mstari kutoka juu hadi chini. Kitu kinachokwenda kasi, kama vile rungu la gofu au usukani wa baiskeli, kinaweza kuonekana kimepinda. Chini ya taa za LED za ukumbi wa harusi, picha inaweza kutokea na mistari ya giza iliyopishana na ya mwanga.

Kamera ghali zenye vihisi vinavyosomwa kwa kasi kubwa zimelipunguza tatizo hili, hadi Nikon Z9 ya mwaka wa 2021 ikaundwa bila shata ya kawaida kabisa. Kwa kamera za bei nafuu, tiba ni kurudi kwenye shata ya kawaida taa zinapoanza kuleta mistari, na kupiga picha chache za majaribio kabla maharusi hawajaingia.

BETRI

Katika jambo hili DSLR bado inatamba. Kwa kipimo rasmi cha watengenezaji wa Japani, betri moja ya Nikon D850 ya mwaka wa 2017 hutosha picha 1,840. Nikon Z6, iliyotoka mwaka mmoja baadaye bila kioo, ilipimwa kuwa na picha 310.

Sababu ni wazi: skrini na kihisi hufanya kazi wakati wote kamera isiyo na kioo inapowashwa. Hali hata hivyo imeboreka katika baadhi ya kamera, mathalani Sony A7 III ya mwaka wa 2018 iliyopimwa kuwa na picha 710 kwa kutumia skrini ya nyuma. Kwa vitendo, anayepiga picha nyingi kwa mfululizo hupata zaidi ya kipimo hicho.

Kwa harusi inayoanza alfajiri nyumbani kwa bi harusi na kumalizika usiku ukumbini, mwenye kamera isiyo na kioo ahesabu betri tatu au zaidi kuwa sehemu ya bei ya kamera. Faraja ni kwamba nyingi za kamera hizi mpya huchajiwa kwa waya wa USB, hivyo zinaweza kutiwa moto garini, kwa chaja ya mkobani au kwa umeme wa jua mahali ambapo nguzo za stima hazijafika.

VUMBI NA UNYEVU

Mtu akiondoa lenzi kwenye DSLR, kioo na shata husimama mbele ya kihisi kama walinzi. Katika kamera nyingi zisizo na kioo, kihisi hubaki wazi. Katika vumbi la Amboseli, au kando ya barabara ya Naivasha wakati wa mashindano ya Safari Rally, tofauti hiyo hujitokeza katika madoadoa meusi angani kwenye kila picha.

Baadhi ya kamera zisizo na kioo hufunga shata zinapozimwa. Hata hivyo, kinga bora ni mazoea: kuzima kamera, kuielekeza chini, kukinga upepo kwa mwili na kubadilisha lenzi haraka. Walio na uwezo hubeba kamera mbili zenye lenzi mbili tofauti.

Pwani adui ni mwingine. Unyevu wa Mombasa na Lamu huotesha kuvu ndani ya lenzi, iwe ya kamera ipi. Lenzi ikae kwenye kasha lisiloingiza hewa pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na itumiwe mara kwa mara badala ya kufungiwa kabatini.

VIDEO

Nikon D90 na Canon EOS 5D Mark II, zote za mwaka wa 2008, ndizo zilizoziingiza DSLR katika ulimwengu wa video. Lakini wakati wa kurekodi, kioo hulazimika kubaki juu, kitazamio kikawa hakina kazi, na mpigapicha akategemea skrini ya nyuma.

Kamera isiyo na kioo haina kizuizi hicho. Kitazamio hufanya kazi wakati wa video kama kifanyavyo wakati wa picha, na nyingi hufuata uso wa mtu kwa ustadi. Nyingi pia zina kihisi kinachojisawazisha ili kupunguza mtikisiko wa mkono, jambo ambalo DSLR za Canon na Nikon hazikuwa nalo, ingawa za Pentax zilikuwa nalo. Anayetarajia nusu ya mapato yake yatokane na video za muziki, mahojiano au harusi hana haja ya kusitasita: achague isiyo na kioo.

LENZI NDIYO NDOA

Mwili wa kamera hubadilishwa kila baada ya miaka michache, lakini lenzi nzuri hudumu miongo. Ndiyo maana wazoefu husema kwamba anayenunua kamera anaoa mfumo wa lenzi.

Lenzi za DSLR za Canon na Nikon zimejaa sokoni kwa sababu zimetengenezwa kwa miaka mingi, na bei za kuukuu hupungua wenyewe wanapohamia mifumo mipya. Isitoshe, zinaweza kufungwa kwenye kamera mpya za kampuni hizohizo kwa kutumia adapta. Lenzi za Canon za EF hufanya kazi vyema kwa njia hiyo. Kwa Nikon pana tahadhari: lenzi za zamani zinazotegemea mota ya ndani ya kamera hazitajilenga zenyewe kwenye adapta ya Nikon ya FTZ.

Njia hiyo ni ya upande mmoja. Lenzi iliyotengenezewa kamera isiyo na kioo haiwezi kutumika ipasavyo kwenye DSLR, kwa kuwa imeundwa ikae karibu mno na kihisi.

Mnunuzi achunguze pia kama kampuni nyingine hutengeneza lenzi za mfumo anaoutaka, kwani hizo mara nyingi ndizo za bei nafuu. Sony iliufungulia wengine mfumo wake wa E mwaka wa 2011, kwa hivyo chaguo ni tele. Canon iliubana mfumo wa RF kwa muda, hadi mwaka wa 2024 Sigma na Tamron zilipotangaza lenzi za kujilenga za kamera za RF zenye kihisi kidogo.

Tena, kutokuwa na kioo si hakikisho la maisha marefu. Mfumo wa Nikon 1 ulioanzishwa mwaka wa 2011 ulikomeshwa mwaka wa 2018. Mfumo wa Canon EOS M ulioanzishwa mwaka wa 2012 nao umekwisha, na lenzi zake za EF-M haziwezi kutumika kwenye kamera za RF. Kamera hizo bado huuzwa kuukuu kwa bei ya kuvutia, na anayezinunua ajue kwamba njia hiyo haina pa kuendelea.

KUNUNUA KUUKUU BILA KUUZIWA MBUZI GUNIANI

Kwa wengi wanaoanza, kamera kuukuu ndiyo pekee inayowezekana. Mambo machache yatamwepusha mnunuzi na majuto.

Kwanza, aulize idadi ya picha ambazo shata imekwisha kupiga. Shata ya Nikon D850 ilijaribiwa hadi picha 200,000, na ya Canon EOS-1D X Mark III hadi 500,000. Kamera za bei ya chini huwa na viwango vidogo zaidi.

Pili, apige picha ya anga au ukuta mweupe tundu la lenzi likiwa dogo, mathalani f/16, kisha aikuze picha kwenye skrini. Madoa yasiyobadilika mahali ni vumbi lililo kwenye kihisi. Mikwaruzo hapo ni sababu tosha ya kuondoka.

Tatu, amulike tochi ndani ya lenzi. Nyuzi nyembamba mithili ya utando wa buibui ni kuvu. Azungushe pete zote na asikilize kama kuna mkwaruzo wa mchanga.

Nne, ajaribu kila kitufe, mahali pa kadi, mahali pa flashi na tundu la kuchajia. Katika DSLR, atazame kama kioo hupanda na kushuka bila kukwama.

Tano, adai risiti na alinganishe nambari ya usajili iliyochapwa kwenye kamera. Kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai nchini Kenya, na bei ya kushangaza mara nyingi huwa na hadithi nyuma yake.

NANI ACHUKUE IPI?

Anayeanza biashara kwa mtaji mdogo, anayepiga zaidi picha za kawaida kuliko video, atapata thamani kubwa katika DSLR kuukuu iliyotunzwa vyema. Pesa atakazookoa zimnunulie lenzi moja yenye tundu pana, kama ya milimita 50 ya f/1.8, pamoja na flashi na betri ya akiba. Picha zilizopigwa kwa DSLR ya mwaka wa 2015 hazitamfanya mteja aulize iwapo kamera ilikuwa na kioo.

Aliye na DSLR inayofanya kazi na lenzi kadhaa nzuri hana sababu ya kuiuza kwa hasara ili aende na wakati. Asubiri hadi kazi yenyewe imdai kitu ambacho kamera yake haiwezi, kama vile video bora au kimya. Wakati huo adapta itamwezesha kuhama polepole bila kuzitupa lenzi zake.

Anayenunua kamera mpya kabisa, asiye na lenzi hata moja, anayetarajia kuitumia kwa miaka kumi, achague isiyo na kioo. Lenzi mpya na ubunifu mpya unaelekezwa huko. Hali ni iyo hiyo kwa anayerekodi video, anayesafiri sana na anayepiga picha mahali pasipotakiwa kelele.

Naye anayetaka tu kumbukumbu za familia za kutazama kwenye simu ya mkononi ajiulize iwapo simu aliyo nayo haimtoshi. Kamera inayobaki kabatini kwa kuwa ni nzito au ngumu kutumia ni hasara, hata ingenunuliwa kwa bei ya chini namna gani.

Jambo moja halijabadilika tangu enzi za filamu. Priya Ramrakha, Mkenya aliyeuawa mwaka wa 1968 akiripoti vita vya Biafra, na Mohamed Amin, ambaye kazi yake kuhusu njaa ya Ethiopia mwaka wa 1984 iliushtua ulimwengu, hawakuwa na kitazamio cha skrini wala kihisi cha dijitali. Walikuwa na vifaa walivyovijua kama viganja vya mikono yao, nao walikuwa mahali palipostahili wakati uliostahili.

Mnunuzi akumbuke basi kupanga bajeti ya kamera, lenzi, betri na kadi za kumbukumbu kwa pamoja, na atenge siku kadhaa za kuizoea kamera kabla ya kukubali kazi ya kwanza ya malipo. Siku ya harusi si siku ya kusoma kijitabu cha maelekezo.